Kisiki Hai: Namna ya Kuurudisha Mti Shambani na Kumfikisha Jirani Kwenye Kazi Hiyo

Katika vijiji vingi vya Dodoma, mkulima anayesifiwa kwa bidii ni yule ambaye shamba lake, ifikapo mwezi wa Novemba, halina hata kijiti kilichosimama. Visiki vimeng'olewa, machipukizi yamefyekwa usawa wa ardhi, mabua yamekusanywa na kuchomwa moto, na udongo umebaki mwekundu na mtupu ukisubiri mvua ya kwanza. Shamba la namna hiyo huitwa safi. Nimelima mtama na alizeti katika mashamba hayo tangu utotoni, na kwa miaka mingi nami nilifyeka kila chipukizi nililolikuta, kwa kuwa ndivyo nilivyomwona baba akifanya, na ndivyo majirani walivyotarajia kuniona nikifanya. Mwongozo huu unaeleza kazi iliyo kinyume cha desturi hiyo: namna ya kukiacha kisiki kichipue, kukilea mpaka kiwe mti, kutumia mazao yake bila kukiua, na, jambo lililo gumu kuliko hayo yote, namna ya kumfikisha jirani mahali ambapo atafanya vivyo hivyo kwa hiari yake mwenyewe.

Kazi hii haihitaji mbegu, wala kiriba cha kuoteshea miche, wala ndoo ya maji ya kumwagilia. Inahitaji panga kali au msumeno mdogo, vipande vya kitambaa chakavu chenye rangi inayoonekana kwa mbali, na subira ya misimu miwili au mitatu. Kwa mkoa kama Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, tofauti hiyo na upandaji wa miche ni kubwa sana. Mche uliopandwa mwezi wa Februari huwa na majuma machache tu ya kuzamisha mizizi yake kabla ya kiangazi cha miezi saba. Wengi wetu tumeshiriki siku za upandaji miti, tukapigwa picha, kisha tukapita mahali pale pale mwezi wa Oktoba tukakuta mashimo yenye vijiti vikavu.

Mti uliokatwa una nini chini ya ardhi

Mti unapokatwa, kinachoondoka ni sehemu ya juu peke yake. Chini hubaki mizizi iliyokwisha kutafuta njia kati ya mawe, iliyofika kwenye unyevu ambao mche hauwezi kuufikia kwa miaka mingi, na iliyohifadhi chakula cha kutosha kuchipusha matawi mapya hata kabla mvua haijanyesha. Ndiyo sababu mwezi wa Septemba, wakati nyasi zote zimekauka, utaona visiki vya mlama na mkole vikitoa majani mabichi. Kile tunachokiita kichaka, tena kichaka cha kero kinachozuia jembe, mara nyingi ni mti mzima ambao umekuwa ukijaribu kurudi kila mwaka, na kila mwaka tunaukata.

Jambo hili liligunduliwa upya, kwa namna iliyobadilisha nchi, huko Niger. Tony Rinaudo, raia wa Australia aliyekuwa akisimamia upandaji wa miti katika eneo la Maradi, alishuhudia miche yake ikifa mwaka hadi mwaka. Mwaka 1983, aliposimamisha gari ili apunguze upepo wa magurudumu kabla ya kupita kwenye mchanga, alikitazama kwa makini kichaka kimoja kando ya njia na kutambua, kutokana na umbo la majani yake, kwamba kilikuwa kisiki kinachochipua. Tangu hapo wakulima wa Niger wamerudisha miti katika zaidi ya hekta milioni 5 za mashamba yao, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilienea kutoka kwa mkulima mmoja hadi mwingine. Hapa Dodoma kazi hiyo imepata jina la Kisiki Hai, na tangu mwaka 2018 imekuwa ikienezwa vijijini na shirika la LEAD Foundation kwa ushirikiano na Justdiggit, shirika la Uholanzi la kurudisha uoto.

Hata hivyo, sisi wenyewe tulikuwa na ushahidi wetu zamani. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kama HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kutoka eneo la Kondoa lililokuwa limechimbika kwa mmomonyoko, eneo lenye kilomita za mraba 1,256. Makorongo yalianza kufunikwa na nyasi, na miti ikarudi, mingi kutokana na visiki na mbegu zilizokuwa tayari ardhini. Kondoa ilithibitisha kwamba ardhi yetu haikuwa imekufa. Lakini amri ya kuondoa mifugo haiwezi kutolewa katika kila kijiji, na mfugaji aliyehamishwa hupeleka ng'ombe wake mahali pengine. Kwa mawazo yangu, ndiyo maana njia inayopita kwa jirani, ingawa ni ya polepole, ndiyo inayotufaa leo.

Kuchagua visiki

Anza baada ya mavuno, kati ya Juni na Septemba, wakati shamba liko wazi na mikono ina nafasi. Tembea shamba lote pamoja na mtu wa nyumbani mwako ambaye hukusanya kuni na kuchuma mlenda, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye anayejua kila kichaka kilipo, jina lake, na kama moto wake ni mzuri au una moshi. Usikate chochote siku hiyo ya kwanza. Hesabu visiki tu, na utashangaa, kwa sababu shamba la ekari moja ambalo ungeapa kuwa halina mti linaweza kuwa na visiki mia moja au zaidi vilivyojificha kwenye nyasi.

Ukiwa na shaka kama kisiki kingali hai, kwangua ganda la chipukizi au la mzizi ulio juu ya ardhi kwa ukucha. Rangi ya kijani na unyevu chini ya ganda ni dalili ya uhai. Kisiki kilichokauka kabisa, kinacholiwa na mchwa, kiache kioze mahali pake, maana hata hicho ni mbolea.

Huna haja ya kulea vyote. Ukiacha umbali wa mita kumi kati ya mti na mti, ekari moja itabeba miti 40 hivi, na hiyo ni mingi ya kutosha kwa shamba la nafaka. Kwa mkulima anayeanza napendekeza visiki 20 tu kwa ekari, kwa sababu kazi iliyo ndogo na iliyokamilika humfundisha jirani kuliko kazi kubwa iliyoachwa nusu. Kama unalima kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe, chagua visiki vilivyo karibu na mstari mmoja, ukifuata upande unaopitisha jembe, ili mti usigeuke kuwa kikwazo kila msimu. Wakulima wengi waliokata tamaa na kuifyeka miti yao waliifyeka kwa sababu hiyo hiyo, nayo ilikuwa rahisi kuepukika.

Kuhusu aina za miti, chukua ile uliyo nayo. Migunga ya aina mbalimbali hurutubisha udongo na maganda yake ni chakula kizuri cha mbuzi wakati wa kiangazi. Mkole hutoa fito za kujengea na matunda ya kutafunwa na watoto, mkwaju huleta fedha, mpingo hukua polepole lakini thamani yake inajulikana. Mwenye bahati ya kuwa na mkababu aulinde kwa nguvu zote, kwa kuwa mti huo una tabia ya pekee: hupukutisha majani yake wakati wa mvua, mtama unapohitaji jua, na huvaa majani wakati wa kiangazi, mifugo inapohitaji kivuli na malisho.

Kuchagua machipukizi na kupogolea

Kisiki kimoja kinaweza kuwa na machipukizi kumi, ishirini, hata zaidi, yote yakigombania chakula cha mizizi ile ile. Yakiachwa hivyo, hubaki kichaka. Kazi yako ni kuamua ni yapi yatakayokuwa mti. Chagua matatu hadi matano, yawe marefu kuliko mengine, yaliyonyooka, yenye ganda lisilo na jeraha, na yaliyoshikamana vizuri na kisiki. Angalia hasa mahali yanapoanzia: chipukizi lililoota chini, karibu na ardhi, hushika imara, lakini lililoota juu ya mdomo wa kisiki kirefu hung'oka kwa upepo likishakuwa zito. Inafaa pia yawe yametawanyika pande zote za kisiki badala ya kusongamana upande mmoja.

Yaliyobaki yakate yote karibu na kisiki. Kisha ugeukie yale uliyoyachagua, na upogolee matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu wa chipukizi, bila kuvuka nusu hiyo. Msisitizo huu unatokana na makosa niliyoyafanya mwenyewe, kwani mwanzoni nilipogolea mpaka juu kabisa, nikaacha kishada kidogo cha majani kileleni, nikifurahi kwamba miti yangu ilionekana mirefu. Mashina yalikuwa membamba mno kubeba vilele vyake, na upepo wa Agosti ukayainamisha mengi. Majani ndiyo jiko la mti, hivyo ukiyaondoa yote shina halitanenepa.

Namna ya kukata ina umuhimu wake. Panga butu huchana ganda na kuacha jeraha pana ambalo wadudu na kuvu huingia, basi linoe kabla ya kuanza na tena katikati ya kazi. Kata kutoka chini kwenda juu, ili tawi linapoanguka lisichubue ganda la shina. Mkato uwe karibu na shina bila kuliumiza, na uwe wa mshazari, maji ya mvua yateleze badala ya kutuama. Ukimaliza, funga kitambaa chenye rangi kwenye shina moja la kila kisiki, kifundo kikiwa legelege ili kisilinyonge shina linaponenepa. Kitambaa hicho huwaambia watu wa nyumbani, vibarua wa kupalilia na wachungaji kwamba mti huu una mwenyewe.

Baada ya miezi miwili au mitatu, rudi. Kisiki kitakuwa kimetoa machipukizi mapya, na yote hayo uyakate yakiwa bado laini. Rudia kazi hiyo mara mbili au tatu kwa mwaka. Katika mwaka wa pili au wa tatu utaona wazi ni shina lipi lenye nguvu, nawe utapunguza hadi kubaki na mawili, au moja ukitaka mti wa mbao.

Mbuzi, moto na panga la mtu mwingine

Mwaka wangu wa kwanza nilipogolea visiki 32 mwezi wa Septemba, na kufikia katikati ya Novemba mbuzi walikuwa wamevila vyote isipokuwa tisa. Sikuwa na haki ya kumlaumu mtu, kwa kuwa kwa desturi yetu shamba lililovunwa ni malisho ya wote, na hakuna aliyekuwa ameambiwa lolote. Tangu hapo nimejifunza kufanya mambo mawili. La kwanza ni kuyatumia matawi yenye miiba niliyoyakata kuwa boma dogo kuzunguka kila kisiki, kimo cha kiuno, yakiwa yameegemezwa yenyewe kwa yenyewe na vilele vikitazama nje. Boma hilo hudumu kiangazi kimoja, na baada ya hapo chipukizi huwa limeshapita kimo cha mdomo wa mbuzi. La pili ni kuzungumza na wachungaji kabla ya kukata tawi la kwanza, jambo ambalo nitalirudia.

Moto ni adui mkubwa zaidi, kwa sababu huja mara moja na humaliza kazi ya miaka mitatu kwa alasiri moja. Usichome mabua. Yalaze chini kati ya mistari yafunike udongo, au uyapeleke zizini, na majani uliyoyapogoa uyatandaze yaoze. Palilia nyasi kuzunguka kila kisiki kwa umbali wa mita moja, hasa kabla ya mwezi wa Agosti, wakati upepo unapoanza. Ikiwa shamba lako linapakana na pori au na shamba la mtu anayechoma, safisha mkanda wa mita tatu hadi nne mpakani.

Kuhusu wachoma mkaa, maneno yangu ni machache. Kwa tanuru la udongo la kawaida, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa, na kilichobaki huondoka na moshi. Miti inapokwisha, visiki vyenyewe huchimbwa vikatiwe tanuruni. Kisiki kikichimbwa hakuna kinachobaki cha kulea, na hapo ndipo ardhi inapokuwa tupu kwa kweli. Katika kijiji chenye biashara hiyo, visiki vilindwe kabla ya jambo jingine lolote.

Kilichokatwa kiende jikoni

Mama wa nyumba akiona miti inalindwa huku yeye akiendelea kutembea saa tatu kutafuta kuni, hataipenda miti hiyo, na atakuwa na haki. Kwa hiyo mazao ya upogoaji ni ya jiko tangu siku ya kwanza. Yafunge mizigo midogo, uyasimamishe mahali penye jua na upepo kwa miezi miwili au mitatu. Kuni mbichi huteketeza sehemu kubwa ya joto lake katika kukausha maji yake yenyewe, na moshi wake ndio unaoumiza macho na vifua vya watoto.

Vijiti vya upogoaji ni vyembamba kama kidole gumba, na kwenye mafiga matatu huungua haraka mno hata mpishi akavidharau. Vinahitaji jiko banifu, yaani jiko la udongo lenye mdomo mdogo, linaloikumbatia sufuria na kuacha upenyo mdogo wa moshi. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa hufaa kulijenga. Lifinyange kuzunguka sufuria inayotumika nyumbani kila siku, ukitikisa sufuria kidogo wakati udongo ungali mbichi ili baadaye itoke bila kunasa, kisha uache likauke kivulini kwa majuma mawili kabla ya kuwasha. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, na sufuria ifunikwe muda wote. Baada ya majuma machache mama atajua mwenyewe ni mizigo mingapi ya kuni haikuletwa, na hesabu hiyo ataieleza kisimani vizuri kuliko mimi.

Kumfikisha jirani

Nimewahi kusimama mbele ya mkutano wa kijiji nikaeleza faida za miti kwa muda mrefu. Watu walisikiliza kwa adabu, wakapiga makofi, na kiangazi hicho hakuna aliyeacha kisiki hata kimoja. Kosa halikuwa lao. Mtu aliyefundishwa tangu akiwa mtoto kwamba shamba lenye vichaka ni la mvivu haogopi ukame kama anavyoogopa kuonwa mvivu, na woga huo hauondolewi kwa hotuba. Unaondoka anapomwona mtu anayemheshimu kwa kilimo chake akiwa na miti shambani na bado akivuna.

Kwa hiyo anza na kipande cha shamba lako kinachopakana na njia. Pogolea visiki vya upande huo vizuri kuliko vyote, ufunge vitambaa vyake, na katikati yao uache kichaka kimoja bila kukigusa. Baada ya msimu mmoja wa mvua, mpita njia ataona mashina yenye kimo cha mtu yakisimama kando ya kichaka kilichobaki kilekile, ingawa mvua ni moja na udongo ni mmoja. Yeye ndiye atakayeuliza, na jibu la mtu aliyeuliza hukaa moyoni.

Akiuliza, usimjibu kwa maneno mengi. Baada ya mbukwenyi, salamu ya Kigogo, na kujuliana hali za watoto na mifugo, mpe panga achague machipukizi ya kisiki kimoja mwenyewe, hata akikosea, na umwombe akuoneshe kimoja shambani kwake. Ikiwa ni mzee, muulize kuhusu miti aliyoikuta. Tuna vitongoji vinavyoitwa Mbuyuni, Mkwajuni na Mgungani ambavyo havina tena miti iliyovipa majina, na wazee wanajua kila mti uliposimama na nani aliukata. Nimemwona mzee akitembea moja kwa moja hadi mahali penye nyasi tupu, akafukua kwa mguu, na kisiki kikaonekana. Kuanzia siku hiyo alikuwa mwalimu mwenzangu.

Usiyadharau mapingamizi, kwa kuwa mengi yana msingi. Watasema miti huleta kwelea kwelea kwenye uwele. Ni kweli ndege hutua juu ya miti, lakini kwelea kwelea hupenda kulala na kuzaliana kwenye vichaka vizito vya miiba, na mti wenye shina moja au mawili yaliyopogolewa si kichaka. Ulinzi wa ndege mazao yanapokaribia kukomaa utabaki kuwa wa lazima kama ulivyokuwa. Watasema kivuli huua mazao, na jibu lake ni panga: ukiona mtama umedhoofu chini ya mti, punguza matawi kabla ya msimu ujao. Pingamizi zito kuliko yote ni la mtu anayelima shamba la kukodi. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, kuotesha mti ni dalili ya kudai ardhi, na mpangaji anaogopa kunyang'anywa shamba, huku mwenye shamba akiogopa vivyo hivyo. Hapo nendeni wote wawili kwa mwenye shamba, mbele ya balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji, mkubaliane kwa maneno yaliyo wazi kwamba miti ni ya mwenye ardhi na kuni za kupogolea ni za anayelima.

Wachungaji, ambao wengi wao ni watoto, wapewe nafasi ya kwanza katika mafundisho. Wao wako porini kutwa nzima na wanaona kila chipukizi kabla yetu. Mpe kila mmoja kisiki chake, akichague mwenyewe na kukifungia kitambaa chake. Mwisho wa kila mwezi apime urefu wa shina kwa kamba na kupiga fundo mahali lilipofikia. Kamba hiyo, yenye mafundo yanayoachana zaidi wakati wa mvua na kusogeleana wakati wa kiangazi, humfundisha ukuaji wa mti kuliko ubao wa darasani. Waeleze pia kwamba maganda ya migunga iliyolindwa leo ni chakula cha mbuzi wao cha kiangazi kijacho. Wasukuma wa Shinyanga walijua hilo kwa njia yao ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili ifunguliwe wakati wa shida, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulifanikiwa kwa kuujenga upya utaratibu huo ambao watu walikuwa nao tayari.

Vikundi vinavyotaka kutoa zawadi vihesabu miti iliyo hai baada ya mwaka mzima, si visiki vilivyopogolewa siku ya kwanza. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement, vuguvugu la upandaji miti, nchini Kenya mwaka 1977, aliwapa akina mama malipo madogo kwa miche iliyoshika na kuendelea kuishi, na mpango huo uliwafanya waitunze baada ya wageni kuondoka.

Kaya kumi hivi zikishakuwa na miti inayoonekana, hapo ndipo wakati wa kwenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inakiruhusu kijiji kutunga sheria ndogo, ambazo huanza kutumika zikishaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Pendekezeni mambo machache yanayotekelezeka: katazo la kuchimba visiki, utaratibu wa kuchoma moto, na tarehe ambayo mifugo itaruhusiwa kuingia kwenye mashamba yaliyovunwa. Sheria ndogo iliyokuja kabla ya mifano humkuta kila mtu akiwa mkosaji, na hakuna mwenyekiti atakayeisimamia.

Mwaka wa nne na kuendelea

Kufikia mwaka wa nne, mashina ya migunga na milama mingi huwa yamefikia unene wa mkono, na kisiki ulichokiachia mashina mawili kinaweza kukupa moja kwa ajili ya kujengea banda au kupikia. Kata lile lililo dhaifu, mwezi wa Julai au Agosti, kwa mshazari, karibu na ardhi. Katika shamba lenye miti 40, ukikata mashina kutoka kwenye miti 10 kila mwaka, utarudi kwenye ule wa kwanza baada ya miaka minne ukiwa umeshafidia ulichochukua, na hakuna mwaka ambao shamba litakosa kivuli. Mvua zikianza, kisiki cha shina ulilolikata kitachipua tena kuzunguka mkato wake. Rudi mwezi wa Juni unaofuata, chagua chipukizi moja lililoota chini karibu na udongo, yakate mengine, na ufunge kitambaa kipya.